KUZAA KAMA WANAWAKE WA KIEBRANIA

Neno: Kutoka 1:15–22 na 2:1–10. Soma pia: Mwanzo 35:16–20.
Ibada ya Jumapili, Lugulu

 

Kuna maombi ambayo karibu kila mama mjamzito wa kanisa letu ameombewa. Anapiga magoti hapa mbele, kina mama wanamzunguka, na mmoja anapaza sauti akisema dada huyu atajifungua kama wanawake wa Kiebrania. Sote tunaitikia amina. Nimeyaomba maombi hayo mara nyingi na nitaendelea kuyaomba.

Lakini leo nataka tulifungue lile andiko lenyewe tuone linasema nini. Nimesikia wengine wakilitumia kumwambia mama abaki nyumbani. Anaambiwa, "Wewe ni Mwebrania, hospitali ya nini?" Na mwingine, daktari akishamwambia kwamba atahitaji operesheni, anatoroka wodini anakuja kutafuta mafuta ya upako, kwa sababu ameambiwa mwanamke wa imani hapasuliwi. Wapendwa, wacha niseme wazi: jambo hili linatupeleka makaburini, na linatumia Biblia kutupeleka.

1. MUNGU ALIANDIKA MAJINA YA WAKUNGA

Farao ameingiwa na hofu kwa sababu Waisraeli wamekuwa wengi. Anawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, anawaagiza waue kila mtoto wa kiume anapozaliwa. Wanawake hawa wanamcha Mungu, kwa hivyo hawafanyi. Wanapoulizwa sababu, wanamjibu mfalme kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, na kwamba mkunga akifika anakuta mtoto ameshazaliwa. Huo ni mstari wa 19, na hapo ndipo tulipochota maombi yetu.

Sasa angalia ni nani anayesema, na anasema na nani. Ni wakunga, wamesimama mbele ya mfalme muuaji, wakiwalinda watoto. Hapo si Mungu anayewaahidi kina mama kwamba hawatahitaji mkunga. Kama wanawake wa Kiebrania hawakuhitaji wakunga, Shifra na Pua walikuwa na kazi gani Misri? Walikuwa wanakula nini?

Endelea mstari wa 20 na 21. Mungu anawatendea mema wakunga wale na kuwapa nyumba zao. Hebu ona jambo la ajabu: Farao mwenye Misri yote, Biblia haikutuambia jina lake, mpaka leo wasomi wanabishana alikuwa yupi. Lakini majina ya wakunga wawili yameandikwa, na tunayasoma hapa Lugulu baada ya maelfu ya miaka.

Kwa hivyo ukimwombea mama azae kama Mwebrania, unamwombea apate mkunga anayemcha Mungu na anayeijua kazi yake. Yule sista aliyevaa sare, anayeshika mkono wako saa tisa usiku, yumo ndani ya maombi yako. Huwezi kuomba jibu halafu ukalikimbia likija.

Na sisi wa upande huu hatuna sababu ya kuona hospitali kama kitu cha watu wasioamini. Wamisionari wa Friends walifika Kaimosi mwaka wa 1902, na kazi yao ilileta Injili, shule na matibabu pamoja. Hospitali ya misheni hapa Lugulu ni tunda la kazi hiyo. Sisi ni Wapentekoste, wao ni Friends, lakini wengi wetu tunajua ni kitanda cha nani kilichotupokea duniani. Si ndiyo?

2. RAHELI ALIFIA NJIANI

Twende Mwanzo 35. Yakobo ametoka Betheli, mahali alipokutana na Mungu. Bado hawajafika Efrathi, ndiyo Bethlehemu, na Raheli anashikwa na uchungu mkali. Ana mkunga karibu naye, na mkunga anamtia moyo. Ana mume mwenye mali na mwenye ahadi za Mungu. Mtoto anazaliwa mzima, ni Benyamini, lakini mama anakufa, anazikwa pale pale kando ya njia.

Katika uchungaji wangu nimesimama kwenye makaburi ya kina mama waliokufa wakizaa. Kila mara kuna mtu mmoja pembeni, ananong'ona kwamba huenda kulikuwa na dhambi, ama imani ilikuwa ndogo. Muulize mtu huyo: Raheli alikosa nini? Biblia haikuandika neno hata moja la kumlaumu kwa kifo kile. Iliandika tu kwamba alikuwa safarini, uchungu ukawa mgumu, na mumewe akasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Tuache kuwahukumu kina mama waliolala. Wametuachia kazi ya kufanya, na si ya kuhukumu.

Hebu tutazame hali ilivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka wa 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa kwa sababu ya ujauzito na kujifungua. Hiyo ni zaidi ya 700 kila siku. Katika kila kumi, karibu saba walikuwa wa Afrika kusini mwa Sahara. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha vifo 355 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Vingi vya vifo hivi vinaweza kuzuiwa, kwa maana sababu zake zinajulikana: damu nyingi baada ya kuzaa, presha ya mimba inayoleta kifafa, maambukizi, na uchungu uliokwama.

Wataalamu wanasema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu. Kwanza ni kuchelewa nyumbani: mume yuko Nairobi hashiki simu, mama mkwe anasema tungoje kidogo, mtu wa maombi anasema tukeshe kwanza. Pili ni kuchelewa njiani: mvua imenyesha, barabara ya murram imekuwa matope, ni usiku, na boda boda anataka pesa kwanza. Tatu ni kuchelewa hospitalini: amefika, lakini damu ya kuongezwa haipo, au dawa imeharibika, au hakuna aliyegundua mapema kwamba anaisha.

Mama aliyekuwa mzima kabisa akianza kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, anaweza kufa ndani ya saa mbili. Saa mbili, wapendwa. Hesabu mwenyewe, kutoka kwako hadi Webuye, au kutoka Endebess hadi Kitale, usiku wa mvua.

3. MAMA WA MUSA ALITENGENEZA KITU KIPYA

Rudi Kutoka sura ya pili. Farao ameshindwa na wakunga, sasa ameagiza watoto wa kiume watupwe mtoni. Mama mmoja wa kabila la Lawi ana mtoto wa miezi mitatu. Baadaye Biblia inatupa jina lake, Yokebedi. Huyu mama ana imani, Waebrania 11:23 inawashuhudia wazazi wa Musa. Na imani yake ilifanya nini? Ilishuka mtoni ikakata matete. Ikasuka. Ikapaka lami ndani ya nyufa ili maji yasipenye. Katika Kiebrania neno lililotumiwa kwa kile kisafina ni lile lile la safina ya Nuhu, na Biblia haikulitumia kwa chombo kingine cha majini.

Matete yalikuwa pale pale. Lami ilikuwepo. Kila mtu Misri aliviona vitu hivyo kila siku, lakini hakuna aliyekuwa amevikutanisha hivyo ili kuokoa mtoto. Yokebedi alifikiri. Kufikiri kwake hakukuwa upungufu wa imani, maana tunaambiwa ilikuwa imani. Na mto ule ule uliowekwa uwe kaburi ukawa njia ya kumfikisha mtoto salama.

Mungu bado anawapa watu akili ya namna hiyo. Nitawapa mifano mitatu.

Wa kwanza ni kipande cha plastiki. Kwa miaka mingi mkunga alikuwa anakadiria kwa macho damu aliyopoteza mama. Inaloa kwenye shuka, nyingine iko sakafuni, taa ni hafifu, anasema "si nyingi." Macho hudanganya. Sasa kuna shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama, lina mfuko na mistari ya kupimia kama ya kikombe cha dawa. Damu inaingia mfukoni, sista anasoma mstari. Ikikaribia nusu lita haendi kutafuta kitu kimoja kimoja. Anafanya yote kwa pamoja: anasugua tumbo la uzazi lijikaze, anatoa dawa ya kulikaza, anatoa dawa ya kusaidia damu kuganda, anaweka dripu, anachunguza damu inatoka wapi, na ikibidi anaita msaada.

Jambo hili lilijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo yakatolewa mwezi wa Mei 2023. Kwa njia ya zamani, karibu nusu ya waliokuwa wakitokwa na damu nyingi hawakugunduliwa. Kwa njia mpya waligunduliwa 93 katika kila 100. Na hatari ya damu kupita kiasi, ya kupasuliwa kwa ajili ya damu, au ya kufa kwa damu, ilishuka kwa asilimia 60. Kwa plastiki yenye mistari, na watu waliojipanga! Mwambie jirani yako: Mungu hadharau matete.

Wa pili ni dawa isiyohitaji friji. Dawa ya kawaida ya kuzuia damu baada ya kuzaa inataka baridi. Ikikosa friji kwa muda mrefu katika zahanati ya kijijini, dawa inaweza kupoteza nguvu, na sista anamdunga mama sindano akidhani amemsaidia. Watafiti wakatengeneza dawa inayostahimili joto letu. Ilijaribiwa kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, na mwaka wa 2018 ikaonekana inazuia damu vizuri sawa na ile ya friji.

Wa tatu, tafadhali msicheke. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule Bangladesh, daktari wa kina mama aitwaye Sayeba Akhter aliona wanawake wakifa kwa damu huku puto maalumu la kuizuia likiwa ghali mno. Akachukua kondomu, akaifunga kwenye mpira mwembamba wa hospitali, akaiweka ndani ya tumbo la uzazi na kuijaza maji safi ya chumvi. Ikabana, damu ikasimama. Wauguzi wa Kenya pia wamefundishwa njia ya namna hiyo, itumike pale dawa zimeshindwa. Kitu ambacho wengine hawapendi hata kitajwe kanisani kimewasaidia wazazi kurudi nyumbani kulea watoto wao.

Mtaniuliza, "Mchungaji, huyo daktari ni wa dini gani?" Nami nitakuuliza, binti Farao alikuwa wa kanisa gani? Yeye ndiye aliyemtoa Musa majini. Mungu hakungoja apatikane Mlawi wa kumwokoa mtoto wa Kilawi. Alimtumia mwanamke wa nyumba ya adui. Basi wokovu wa uhai ukija kupitia mtu usiyemtarajia, mshukuru Mungu na upokee.

4. KISAFINA CHETU SISI

Hapa ndipo Neno linaingia nyumbani kwetu. Wengine mnasema sisi si madaktari, hatuna maabara. Ni kweli. Lakini kuchelewa mara mbili kati ya kule kutatu hakuko hospitalini. Kuko nyumbani na njiani, na huko ni kwetu.

Majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha jambo. Wana mpango unaoitwa m-mama, ulioanzia kanda ya ziwa na baadaye ukaenezwa nchi nzima. Mama akipata shida, watu wake wanapiga namba 115 bila malipo. Ambulensi ikiwa mbali, anaitwa dereva wa kawaida wa mtaani aliyesajiliwa. Anampeleka mama bila kumdai, na malipo yake yanatumwa kwa simu. Tazama vitu vyenyewe: gari la mtaani, simu, na pesa kwa simu. Vyote viko hapa Lugulu. Matete tunayo. Kinachotakiwa ni kusuka.

Kwa hivyo wazee wa kanisa na idara ya kina mama wamekubaliana nasi mambo manne.

Kwanza, kila mama mjamzito ataandikwa kwa siri katika daftari la idara ya kina mama: siku anayotarajia, kliniki anayoenda, na nani ataamua mume akiwa mbali. Uamuzi huo ufanywe mapema, mbele ya mume na mama mkwe, ili usiku ule asingojwe mtu. Ahakikishe pia kwamba amejiandikisha SHA, maana tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena na wengine wamekuja kugundua hivyo wakiwa tayari mlangoni mwa wodi.

Pili, ndugu zetu wenye magari na vijana wa boda boda watakaojitolea watatoa namba zao. Sadaka ya Jumapili ya mwisho wa kila mwezi itaingia kwenye mfuko wa safari za kina mama. Dereva atalipwa na kanisa kesho yake. Asimdai mama aliye na uchungu hata shilingi.

Tatu, vijana: damu haitengenezwi kiwandani. Itatoka kwenye mkono wako au haitatoka. Kikundi cha vijana kitapanga siku ya kuchangia damu, na tutarudia. Ninyi mnaoimba kila Jumapili juu ya damu iliyomwagika kwa ajili yenu, mtaelewa haraka kuliko wengine.

Nne, tuwe na Miriamu. Mama alipoweka kisafina matetani hakuondoka tu. Dada yake mtoto alisimama mbali kidogo akitazama. Kila mama awe na dada mmoja wa kumtazama, kabla ya kuzaa na majuma sita baada ya kuzaa. Tuna wahudumu wa afya ya jamii kati yetu. Mwaka wa 2023 serikali iliwapa wahudumu kama hao nchini vifaa, vikiwemo vya kupima presha. Waiteni nyumbani, msiwafungie mlango.

Na huyo Miriamu ajue dalili za kukimbia nazo: damu yoyote nyingi, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvunjika bila uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Ukiona mojawapo, usianze mkesha. Nenda hospitali, na mkesha tutaufanya tukiwa kwenye benchi pale nje ya wodi. Mungu anasikia hata hapo.

Neno la mwisho kwa dada aliyezaa kwa operesheni na anaona haya kutoa ushuhuda. Dada, njoo mbele. Kovu lako si alama ya imani ndogo. Wewe uko hai, mtoto wako yuko hai, na kanisa linataka kukusikia. Jumapili ijayo nafasi ya kwanza ya ushuhuda ni yako.

Ndugu zetu wa Kitale mnaosoma kijarida hiki, msingoje tuje kuwafundisha. Anzeni huko huko, na mkipata njia iliyo bora kuliko yetu, tuleteeni.

TUOMBE

Baba, asante kwa wakunga. Wabariki wale wanaokesha usiku huu katika wodi za Lugulu, Webuye, Bungoma na Kitale, uwape mikono thabiti na moyo wa upole. Wape watafiti akili ya kugundua yale tunayoyahitaji. Watie nguvu wajane wa kiume na watoto waliobaki bila mama. Na kina mama wanaokaribia siku zao, Baba, wazae kama wanawake wa Kiebrania: wakiwa na Shifra upande huu, Pua upande ule, na sisi mlangoni tukiwa tayari na gari. Katika jina la Yesu, amina.

KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Soma Kutoka 1:15–21. Kwa nini Mungu aliwapa wakunga thawabu? Taja sista au mkunga mmoja utakayemshukuru juma hili.
2. Katika boma lako, nani angeamua usiku kama mama mjamzito ameshikwa ghafla? Je, amepewa ruhusa hiyo leo?
3. Soma Kutoka 2:3–4. Ni "matete" gani mliyo nayo katika kikundi chenu, yaani gari, simu, damu, muda au ujuzi, ambayo hayajasukwa bado?
4. Ni mama gani katika kikundi chenu hana Miriamu? Msifunge kikao kabla hajapata.